Wanaompenda Camille na Wanaomkataa

Riwaya ya Anna Gavalda, Ensemble, c'est tout, ina kurasa zipatazo 600, na bado kisa chake chaweza kusimuliwa kwa dakika tano. Watu wanne wenye upweke, kila mmoja kwa namna yake, wanajikuta wanaishi nyumba moja mjini Paris. Wanagombana, wanauguzana, wanapikiana. Wawili kati yao wanapendana. Mwishoni mambo yanawanyookea.

Kitabu kilitoka mwaka 2004, kikapendwa mno, na mwaka 2007 Claude Berri akakitengenezea filamu akiwapa Audrey Tautou na Guillaume Canet nafasi za wapenzi hao wawili. Wasomaji wake, hata hivyo, hawajawahi kuafikiana. Wapo wanaokirudia kila wanapopitia kipindi kigumu, wakakinunua tena ili kumpa dada au rafiki. Wapo waliokiweka kando kabla ya kufika katikati, wakasema ni kitabu kitamu kupita kiasi, kirefu bila sababu, na chenye watu wema ambao hawapatikani popote duniani. Kati ya kambi hizo mbili kuna kundi kubwa la tatu: waliokipenda, wakalia machozi, kisha wakaona haya kusema kwamba wamekipenda.

Kundi hili la tatu ndilo linalostahili kuzingatiwa zaidi. Mtu haoni haya kusema amependa chakula au wimbo. Kwa nini aone haya kwa sababu ya riwaya?

Tuanze na kitabu chenyewe. Camille Fauque ana umri wa miaka 26. Ana kipaji kikubwa cha kuchora, lakini amekipa kisogo. Usiku anasafisha ofisi za watu, na kazi ikiisha anapanda ngazi hadi chumba cha darini, kimoja cha vile vyumba vidogo ambavyo matajiri wa Paris wa zamani walivitenga kwa ajili ya vijakazi wao. Chumba kina baridi kali na yeye mwenyewe hali chakula cha kumtosha. Katika jengo hilohilo anaishi Philibert, kijana wa ukoo wa kimwinyi mwenye kigugumizi, bingwa wa historia ya wafalme, ambaye riziki yake ni kuuza kadi za posta kwenye jumba la makumbusho. Nyumba anayokaa ni kubwa na ya fahari, lakini si yake: ni mali ya urithi ambao ndugu hawajapatana. Anayeishi naye humo ni Franck, mpishi hodari, mtu wa ulimi mchafu na pikipiki. Franck ana siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, Jumatatu, na siku hiyo anaitumia kwenda nje ya Paris kumtazama bibi aliyemlea, Paulette. Camille anapougua kwa homa na baridi, Philibert anamteremsha kutoka darini na kumwingiza nyumbani kwake. Kuanzia hapo mlango haufungwi tena.

Wanaokipenda kitabu hiki mara nyingi humtaja Paulette kabla ya wapenzi, na wana sababu. Gavalda mwenyewe ameanza naye. Kizee huyu anaishi peke yake na bustani yake, na siku hizi anaanguka. Anaanguka, anainuka, anaficha alama za michubuko ili jirani asizione. Anajiuliza leo ni siku gani na kujijibu, apate kuthibitisha kwamba akili yake bado ni timamu. Hafichi kwa sababu ya kiburi. Anajua vizuri kinachofuata wakigundua: hospitali, kisha nyumba ya kutunzia wazee, kisha bustani itamea magugu na yeye atakaa kitini akisubiri Jumatatu. Msomaji yeyote aliyewahi kumpigia simu mzazi aliye mbali, akajibiwa “sijambo kabisa, mwanangu” kwa sauti isiyofanana na maneno yake, ataitambua hofu hiyo mara moja. Gavalda haihubirii. Anaiacha michubuko iseme.

Jambo la pili linalosifiwa ni kazi. Katika riwaya nyingi za mapenzi watu wana vyeo, lakini ni nadra kuwaona kazini. Msanifu majengo hachori jengo, daktari hamshughulikii mgonjwa, isipokuwa mgonjwa huyo awe ndiye mpenzi. Hapa ni tofauti. Kuna sehemu ambapo Camille anaitwa kusaidia katika jiko la mgahawa wa Franck, mkesha wa Mwaka Mpya, na msomaji anaingizwa ndani ya joto, makelele na haraka ya watu wanaojua hasa wanachokifanya. Franck, ambaye nyumbani ni mkorofi, jikoni anakuwa mtu mwingine: makini, mwepesi, anayeheshimiwa. Camille anamwona kwa mara ya kwanza, na msomaji pia. Hakuna mtu aliyesema “nakupenda,” lakini mapenzi yameanza kwa mtu mmoja kumtazama mwenzake akifanya kazi yake vizuri. Huo ni uandishi wa mtu aliyekaa akachunguza.

Sasa malalamiko, nayo si ya kupuuzwa. La kwanza linahusu mtindo. Gavalda anaandika kwa sentensi fupi, vidoto vitatu kila mahali, na mazungumzo ya kurasa nzima bila kuonyesha nani anasema. Anayependa mtindo huu husema anasikia watu wakiongea chumba cha pili. Asiyeupenda hulazimika kurudi nyuma kuhesabu mistari ajue nani kajibu nini, na akichoka huona kwamba mwandishi ameacha kuandika na kuanza kunukuu tu. La pili linahusu urefu: mapenzi ya Camille na Franck huchukua muda mrefu kuiva, na aliyenunua kitabu kwa ajili ya mapenzi hayo huona amezungushwa. La tatu ndilo zito zaidi. Wahusika, wanasema wapinzani, ni wema kwa mkato. Philibert ana kasoro moja, kigugumizi, na hata hicho kinapona anapoingia katika maigizo, tena anapata mke. Franck ni mkali kwa nje na laini kwa ndani, kama ilivyotarajiwa. Ubaya uko mbali, kwa mama wa Camille na mama wa Franck, ambao hawapewi nafasi ya kutosha kujitetea.

Malalamiko hayo yana uzito, lakini mara nyingi hufuatwa na hatua ya nne ambayo haina uzito sawa: kwamba kwa kuwa ni kitabu chepesi, hakistahili kujadiliwa. Hapo hukumu inaacha kurasa na kushika lebo iliyobandikwa juu ya jalada.

Ufaransa ina historia ndefu ya lebo hiyo. Mwaka 1853 Louis Hachette alianzisha maktaba yake ya reli, vitabu vya bei nafuu vilivyouzwa kwenye vibanda vya stesheni ili abiria wapate cha kusoma njiani. Biashara ilistawi, na mpaka leo Mfaransa anayetaka kukidharau kitabu hukiita riwaya ya stesheni. Miaka minne baadaye Gustave Flaubert alifikishwa mahakamani kwa sababu ya Madame Bovary, akaachiwa huru. Mhusika wake, Emma, alisoma kwa siri riwaya za mapenzi alipokuwa msichana kwenye shule ya watawa, akakua akitarajia ndoa ifanane nazo, na maisha yakamvunja. Tangu hapo kila msomaji wa mapenzi nchini Ufaransa, hasa akiwa mwanamke, amekuwa akitazamwa kana kwamba yuko njiani kuwa Emma. Haya ya wale wanaolia kwa ajili ya Camille na kisha kukana imetoka mbali.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa sana. Wahakiki wetu kwa miongo mingi wametenga riwaya dhati na riwaya pendwa, na mwanafunzi akiulizwa darasani anasoma nini hujua ataje ya kwanza, hata kama ya pili ndiyo iliyo chini ya mto. Na kwa msomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, Gavalda si mwandishi wa mbali. Anaweza kumsoma bila kungoja mtafsiri.

Gavalda pia hayuko peke yake katika lebo hiyo. Mwaka 2000 Marc Levy alitoa Et si c'était vrai..., kisa cha msanifu majengo wa San Francisco anayempenda daktari aliye katika koma. Mwaka 2004, uleule wa Camille, Guillaume Musso alitoa Et après..., akafuata njia iyohiyo ya mapenzi, kifo na miujiza. Levy na Musso wamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa waandishi wanaouzwa zaidi Ufaransa. Kuwaweka watatu hawa kwenye kapu moja ni rahisi, lakini kunaficha tofauti kubwa. Kwa Levy na Musso kinachowakutanisha watu ni muujiza. Kwa Gavalda ni mtu kumbeba mgonjwa ngazini, kumtengenezea supu, kumwogesha kizee aliyeona aibu kuvua nguo mbele ya mgeni. Hakuna kitu cha ajabu kinachotokea katika Ensemble, c'est tout, isipokuwa watu kukubali kushughulikiana.

Na mwaka kilipotoka si jambo dogo. Agosti 2003 joto kali lisilo na mfano liliikumba Ufaransa, na watu wapatao 15,000 walikufa zaidi ya idadi ya kawaida. Wengi walikuwa wazee. Wengi walikuwa peke yao, baadhi yao kwenye vyumba vya darini chini ya mapaa ya bati ya Paris, wakati familia ziko likizo. Baada ya wiki kadhaa kulibaki maiti ambazo hakuna ndugu aliyejitokeza kuzichukua. Tarehe 3 Septemba mwaka huo miili 57 ilizikwa katika makaburi ya Thiais, kusini mwa Paris, rais Jacques Chirac akihudhuria. Mwaka uliofuata serikali ilitunga sheria ya kuwataka wafanyakazi watoe siku moja ya kazi bila malipo ya ziada, kwa ajili ya fungu la kuwahudumia wazee na walemavu. Nchi nzima ilikuwa ikijiuliza ilikuwaje mtu akafa ghorofa ya juu na jirani wa chini asijue.

Ndipo kikatoka kitabu ambamo jirani wa chini anapanda ngazi, na ambamo vijana watatu wanamtoa kizee kwenye nyumba ya wazee na kumleta kuishi nao.

Hii haina maana kwamba Gavalda aliandika kulijibu joto la 2003. Riwaya yenye kurasa 600 haizaliwi kwa miezi michache. Lakini wasomaji hawasomi mahali pasipo na wakati. Wafaransa waliokishika kitabu hicho mwaka 2004 walikuwa na picha za mwaka 2003 vichwani mwao, na hadithi ya Paulette iliwagusa mahali palipokuwa bado na kidonda. Mtu anayesema hicho ni kitabu chepesi inampasa aseme pia ni riwaya gani nzito ya mwaka huo iliyowaketisha watu wengi hivyo mbele ya swali la wazee wao.

Wapinzani wana haki kamili, hata hivyo, kwa upande wa mwisho wa kitabu. Gavalda alikuwa amejenga kitu kigumu: nyumba ya urithi ambayo siku yoyote watafukuzwa, kizee ambaye lazima atakufa, msichana ambaye mwili wake haujui kupokea chakula wala mapenzi. Paulette anakufa, na kifo chake kimeandikwa kwa staha. Baada ya hapo mwandishi anaanza kugawa zawadi. Huyu anaoa. Yule anayetaka kuondoka kwenda Uingereza anazuiwa dakika ya mwisho. Mgahawa unafunguliwa, na wote wanakaa mezani. Kila mmoja amelipwa, tena kwa fedha taslimu. Msomaji makini anajisikia ametolewa kwenye nyumba halisi na kuingizwa jukwaani. Si kwamba furaha haifai kuwepo. Ni kwamba kurasa 500 zilizotangulia zilifundisha kuwa furaha hugharimu, na zile za mwisho zinaitoa bure.

Lakini kwa wasomaji wengine mwisho huo ndio waliouendea. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Janice Radway alichapisha uchunguzi wake juu ya wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi katika mji mmoja wa nchi hiyo. Badala ya kukaa chuoni na kuwahukumu, aliwauliza. Mwisho mwema ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyadai mbele ya yote, na wengi walieleza kwamba muda wa kusoma ulikuwa muda wao peke yao, katika siku ambayo saa zote nyingine zilikuwa za mume, watoto na nyumba. Waliposhika kitabu, hakuna aliyewaagiza kitu. Walijua fika kwamba maisha hayaishi hivyo. Hawakudanganyika kama Emma. Waliomba kwa saa mbili mahali ambapo anayewahudumia wengine naye anahudumiwa.

Ukiyachukua maelezo hayo ukarudi kwa Camille, ubishi unaonekana kwa sura nyingine. Anayekikataa kitabu anakiuliza: je, umesema kweli kuhusu dunia? Anayekipenda anakiuliza: je, umenitunza? Maswali yote mawili ni halali, na msomaji huyohuyo huweza kuuliza la kwanza asubuhi na la pili usiku. Kosa ni kudhani kwamba swali la pili ni la watu wasio na akili, au kwamba kitabu kinachojibu la pili kimeshindwa la kwanza. Gavalda, katika sehemu kubwa ya riwaya yake, ameyajibu yote mawili kwa pamoja, na hilo si jambo jepesi hata kidogo. Waandishi wengi wanaosifiwa kwa ukweli wao hawajui kuandika tukio la mtu kumsaidia mwenzake bila kulichafua kwa dhihaka, wakidhani wema ukiandikwa waziwazi utawaaibisha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wapinzani hulisahau, nalo ni la duka. Gavalda alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi ulikataliwa na wachapishaji wakubwa kabla ya kupokelewa na Le Dilettante, nyumba ndogo ya Paris, mwaka 1999. Mkusanyiko huo ukapata tuzo ya RTL-Lire mwaka 2000 na kuuzwa sana. Wakubwa walipomtaka, hakuhama; Ensemble, c'est tout pia ilitoka hapohapo. Tangu sheria ya mwaka 1981, bei ya kitabu kipya Ufaransa hupangwa na mchapishaji, na muuzaji haruhusiwi kuipunguza zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo riwaya inayopendwa huuzwa kwa bei ileile karibu kila mahali, katika duka kubwa la pembezoni mwa mji na kwa muuza vitabu wa mtaani, na mapato yake humwezesha mchapishaji mdogo kubeba waandishi ambao watauza nakala chache. Wasomaji waliolia kwa ajili ya Paulette wamewalipia vitabu watu ambao pengine wangewacheka.

Filamu ya Berri inasaidia kupima. Imefupishwa kwa saa moja na nusu hivi, imechezwa vizuri, na Laurent Stocker alipata tuzo ya César ya mwigizaji chipukizi kwa nafasi ya Philibert. Lakini ukiitazama baada ya kusoma, unaona kilichopotea: jikoni, usiku wa kusafisha ofisi, mazoea yanayojengeka polepole kati ya watu wasiofanana. Kinachobaki mbele zaidi ni mapenzi ya vijana wawili. Kwa maneno mengine, filamu ndiyo iliyofanana na kitabu ambacho wapinzani walidhani wanakisoma. Urefu unaolalamikiwa ndio unaokipa kitabu ukweli wake, kwa sababu kumzoea mtu huchukua muda, na Gavalda amekubali kuulipa muda huo kwa kurasa.

Hukumu ya haki, basi, ni hii: Ensemble, c'est tout ni riwaya yenye mwanzo bora, katikati imara na mwisho dhaifu, iliyoandikwa na mtu anayewapenda watu na anayejua kutazama mikono yao ikifanya kazi. Anayeikataa kwa sababu ya zile kurasa mia za mwisho ana hoja, na anayeipenda kwa sababu ya Paulette ana hoja kubwa zaidi. Asiye na hoja ni yule aliyeikataa kwa kusoma jalada.

Msomaji anayejua Kifaransa aitafute na aianze na ule ukurasa wa kwanza, wa kizee anayehesabu siku. Isipomshika mapema, aiweke bila kujilaumu. Daniel Pennac, katika Comme un roman ya mwaka 1992, ameorodhesha haki kumi za msomaji, na kutomaliza kitabu ni mojawapo. Ikimshika, aimalize, kisha aseme wazi mbele ya watu kwamba ameipenda, na ataje ukurasa gani.